Saini ya Pili kwenye Mfuko wa Wapagazi

Jumatatu, 3 Machi
Nyota yangu inawaka hata mchana. Wapagazi wa soko zima wamenichagua tena, mwaka wa pili huu, mweka hazina msaidizi wa mfuko wa matibabu. Mimi, niliyeishia darasa la sita! Bahati hii hainunuliwi. Kazi yenyewe tamu: mwenyekiti anasaini risiti, mimi nasaini chini yake, soda inakuja.

Jumatano, 5 Machi
Hasira mpaka chai imenishinda. Mwenzangu Mgongo, tuliyebeba naye magunia tangu ujana, mkewe anatakiwa apasuliwe tumbo wiki ijayo. Mwenyekiti kamwambia mfuko mtupu. Mtupu vipi, na tunachanga kila wiki? Nikamuuliza. Akacheka: hesabu ni za wasomi, ndugu yangu, wewe kunywa soda.
Nimebeba risiti zote nyumbani.

Ijumaa, 7 Machi
Mpwa wangu anasomea takwimu. Kwanza kanichokoza: "Mjomba, hebu niandikie bei thelathini za uongo." Nikaandika kwa ufundi wote — mimi mwongo wa kimataifa. Kanikamata palepale. Kumbe namba za kweli zina tabia: malipo makubwa kwa madogo yakichanganyika, karibu theluthi huanza na moja. Zinazoanza na tisa ni chache, za kuokoteza. Anayetunga huzigawa sawasawa, kama pipi kwa watoto.
Akapanga risiti za dawa sakafuni kwa tarakimu ya kwanza. Rundo la moja, kiduchu. Rundo la nne limevimba kama kitambi cha mwenyekiti. Elfu arobaini na nane, arobaini na tisa, arobaini na tisa na mia tisa… Maana ikifika elfu hamsini, lazima kikao cha wanachama kiidhinishe. Anapita uvunguni mwa sheria, fisi yule.
Mpwa kaniwekea breki: takwimu zinanusa tu, mjomba, haziumi. Nenda kaulize duka la dawa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda. Duka lilifungwa mwaka juzi — sasa pana kinyozi! Risiti za mwezi uliopita zina mhuri wa duka hilohilo. Nimeitisha kikao kesho, nimvue nguo mwizi huyu mbele ya watu.
Mpwa akanitazama kwa huruma. "Na saini ya pili ni ya nani, mjomba?"

Jumapili, 9 Machi
Wamejaa nje, Mgongo mstari wa mbele. Mwenyekiti kaninong'oneza mlangoni: tukizama, tunazama wote. Risiti ninazo mkononi, miguu haitaki kutoka.
Ile bahati niliyojisifia ni uongo. Mwenyekiti ndiye aliyenipendekeza, kwa sababu nasaini bila kusoma.