Bomba Lililo Karibu na Kisima

Jumanne, jioni.

Wewe uliyelishika daftari hili, nakusihi, haya yabaki kifuani mwako.

Jana tulilijaza maji bomba la maji taka la nyumba mpya hapa Ng'ambo, tukaziba ncha zote mbili ili kulipima. Leo asubuhi tumelikuta tupu. Linavuja, na kisima cha jirani, Bi Zuwena, kiko hatua kumi tu.

Nilimwambia Mzee Kassimu, fundi mkuu. Akacheka. "Mwanangu, bomba jipya lina kiu. Andika limefaulu."

Nikaandika. Sahihi ni yangu peke yangu.

Mchana Bi Zuwena akaja mtaroni. "Huo uchafu wenu ukianza kupita, kisima changu kitapona?"

"Muulize karani," akasema Mzee Kassimu. "Ndiye aliyepima."

Nikamwambia kitapona. Akanishukuru, akaniita mwanangu.

Kesho wanafukia. Nitamwambia Bi Zuwena ukweli kabla koleo la kwanza halijashuka, mbele ya mafundi wote. Baada ya hapo sijui...

Ukinikosa ofisini, usipige simu. Panda treni hadi Usoke, uulize nyumba ya shangazi yangu Tatu, nyuma ya mabani ya kukaushia tumbaku. Njoo na bwana afya, nimweleze yote. Usije na fundi yeyote.