Bata Mzinga wa Ukurasa wa Nne

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijapasuka, na nakuomba sana barua hii usiichapishe, unijibu pembeni tu kwa kikaratasi, kwa sababu mimi ni mtu wa humu humu, ndiye ninayepanga kurasa za gazeti hili, hata ukurasa wako naupanga mimi kila wiki ingawa hatujawahi kuonana.

Mchana naandika stakabadhi ofisi ya maji, jioni nakuja kujitolea gazetini, kile chumba nyuma ya duka la dawa, tuko watatu meza moja na feni inayozunguka ikijisikia, na Mhariri wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, ana sheria moja tu, kwamba ukurasa usibaki na pengo, anasema karatasi nyeupe kila mtu anayo kwake, hana haja ya kuifuata kwetu. Basi wiki sita zilizopita mwenye saluni akaondoa tangazo lake dakika za mwisho, ukurasa wa nne ukabaki na pengo la vidole vinne, Mhariri kasimama nyuma yangu anahema, nami nikaandika la kwanza lililonijia: "Amepotea bata mzinga, dume, anachechemea mguu wa kushoto, ana aibu mbele ya wageni. Atakayemwona atoe taarifa ofisi ya gazeti." Hakuna bata, Mshauri. Sijawahi kufuga hata kuku. Pengo likajaa, Mhariri akasema safi, nikachukua mkoba wangu nikaenda zangu.

Gazeti kutoka tu, watu watatu walikuwa wamemwona. Mmoja kamwona nyuma ya shule, mwingine kamwona kwenye bomba la maji, wa tatu akabishana nao kwamba mguu mbovu ni wa kulia, eti inategemea umesimama upande gani. Akaja mtu na bata wa kawaida kamfunga kitambaa mguuni ili achechemee. Halafu akaja kinyozi wa mtaa wa pili analia machozi, anasema huyo bata ni wake, nikamwuliza alama akanitajia neno kwa neno kama nilivyoandika, kisha akaongeza kwamba anapenda kusikiliza taarifa ya habari, na Mhariri akampiga picha, akatoka ukurasa wa mbele kashika bakuli tupu analodai alikuwa akimlishia. Gazeti likaanza kuisha kabla ya saa nne asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu lianzishwe.

Aliyenimaliza ni mume wangu. Tangu timu yao ya maveterani ivunjike alikuwa mtu wa kukaa kibarazani akisugua goti, sasa ni mwenyekiti wa Kamati ya Kumtafuta, ana filimbi, ana daftari, kila jioni anaongoza watu ishirini vichochoroni, na juzi tunakula akaniambia bila hata kupepesa macho, "Mama watoto, nimemwona. Kanitazama, kainamisha kichwa. Kweli ana aibu." Nilimwongezea mchuzi.

Sasa Kamati imekuta manyoya mlangoni kwa fundi wa makochi. Jamani, mtu anashona mito, asiwe na manyoya awe na nini? Lakini nani anasikiliza, wameshaamua kwamba kamla, na wateja wanakwenda kuchukua makochi yao yakiwa hayajaisha, nimemwona mama mmoja anapita na kochi kichwani springi zinamning'inia usoni, anasema heri hivyo kuliko kukalia ushahidi. Wiki iliyopita fundi akaja ofisini mwenyewe, kavaa shati la kutokea, akaketi mbele yangu akasema, "Binti yangu, wewe ndiye unayeijua habari hii tangu mwanzo. Niandikie vizuri kwamba sijala bata wa mtu. Miaka thelathini nashona mito, leo hata mke wangu ananiuliza alikuwa mtamu?" Nikaandika, Mshauri, nikamsomea, akashukuru, na nilipokuja kupanga kurasa nikaona haya kuliweka tangazo lake pale macho yangu yatakapoliona, nikalibana ukurasa wa saba chini ya ratiba ya mgao wa maji.

Jumamosi hii Kamati inamwita ukumbini ajieleze, na asiporidhisha watu, hakuna atakayempelekea tena hata mto wa kushona. Nikisema ukweli, mume wangu atavuliwa filimbi mbele ya mji mzima, Mhariri hatanitazama tena, na chumba kile nakipenda kuliko kazi inayonilisha. Nisiposema, mzee wa watu anafunga duka. Nilifikiria kuandika kwamba bata kapatikana, watasema tumwone. Nilifikiria kutafuta mmoja nimvunje mguu, nikajiogopa mwenyewe. Nifanyeje?

Mimi, Mjaza Mapengo

MSHAURI ANAJIBU

Mjaza Mapengo, pole. Nimeisoma barua yako nikacheka mpaka jirani akaja kuuliza kama nimepaliwa, kisha nikafika pale mke wa fundi anapouliza alikuwa mtamu, na kicheko kikanikauka mdomoni.

Uongo wa bata ningekusamehe. Ulikuwa umebanwa, mwalimu wa hesabu kakusimamia kisogoni, wengi wetu tungeandika mabaya zaidi. Lakini mwanangu, mtu alikaa mbele yako na shati lake la kutokea, akakuita binti yangu, na wewe ukijua fika kwamba hata unyoya mmoja wa huyo ndege haujawahi kuota, ukamsomea maneno yake, ukapokea shukrani zake, ukaenda kumficha chini ya mgao wa maji! Hapo umenichefua, na sitakuficha.

Unaniambia habari za mume. Mumeo ni mtu mzima, hakufa timu yake ilipovunjika na hatakufa kwa kukosa bata. Mwambie wewe kabla hajaambiwa na wengine, mwambie mkiwa wawili, na akisisitiza kwamba alimwona, usibishane naye. Filimbi mwachie. Watu ishirini wanaotembea pamoja kila jioni hawakosi kitu cha kutafuta, waanze na lile bomba linalovuja mnalolipita kila siku. Kinyozi naye namfahamu, kanyoa vichwa vya ukoo wangu mzima, mwambie nimeona bakuli lake na nitapita kwake.

Sasa sikiliza. Leo ni Jumatano na gazeti linachapwa kesho jioni. Vaa viatu uende kwa fundi kwa miguu yako, usitume mtu, usiandike kikaratasi, umezoea mno vikaratasi. Mwambie hakuna bata, hakuwahi kuwepo, ulimtunga. Usianze kueleza habari za mwenye saluni. Akikufokea, fokewa. Ukirudi, lirudie tangazo lake, ulitoe ukurasa wa saba ulipeleke wa mbele, pale alipokaa kinyozi na bakuli. Mhariri akiuliza, mwonyeshe barua hii. Nimemfahamu kabla hajawa na mvi, ataguna siku mbili, halafu atakukabidhi ukurasa upange. Na Jumamosi uwahi ukumbini, usimame wa kwanza, useme kabla fundi hajaulizwa swali lolote.

Uliniomba nisichapishe. Nimekataa. Mji mzima ulisoma uongo wako ukurasa wa nne, utausoma ukweli wako hapo hapo. Jina lako sijaliweka, ingawa sijui nani hatakutambua.

Lakini kurasa unapanga wewe. Mimi niko nyumbani, miguu imenivimba, siwezi kuja kukusimamia kama Mhariri. Ukiamua kuzitoa barua hizi mbili ukaweka tangazo la sabuni, tutajua mimi na wewe tu, na mimi sitasema. Kwa hiyo ninyi wasomaji wangu, kama macho yenu yamefika kwenye mstari huu, jueni kwamba hakuzitoa. Jumamosi akiingia ukumbini mpisheni njia, akakae karibu na fundi. Na huyo wa bata wa kitambaa, mfungue mnyama wa watu.

Mshauri kamaliza, na hapa chini limebaki pengo la vidole viwili. Nalijaza mwenyewe. Jana nilikwenda kwa fundi wa makochi nikamwambia yote. Alimaliza kushona upande mmoja wa mto, kisha akaniuliza huyo bata alikuwa wa rangi gani. Nikamwambia, baba, hakuwepo. Akasema, "Nimesikia. Lakini mke wangu ataniuliza." – Mpanga kurasa