Paa la Baba Ruthi

Jumamosi, Isipingo

Bado nacheka, na wala sioni haya.

Wiki iliyopita Baba Ruthi alikuwa uani anapima paa la hot rodi yake, lile gari kuukuu analolijenga lifanane na yale ya zamani: liko chini, matairi nje, paa limekatwa na kushushwa. Kiti cha dereva kilikuwa kwa fundi huko Clairwood, kwa hiyo alikalia kreti ya soda, marafiki zake wakapima paa lishuke hadi wapi juu ya kichwa chake. Nikaanza, "Baba Ruthi, hiyo kreti..." Akanikata mbele ya marafiki zake: "Mama, rudi jikoni, sufuria zinakuita." Wakacheka wote.

Nikarudi. Nikasimama dirishani, nikatazama cheche mpaka wakamaliza kuchomelea. Kipande cha paa walichokikata kikachukuliwa na watu wa vyuma chakavu.

Leo kiti kimefika. Kinene, kirefu kuliko ile kreti, ngozi nyekundu, kizuri kweli. Akakifunga garini, akaingia mbele ya wale wale. Kichwa kikagonga paa, kidevu kikagota kifuani, shingo hainyooki. Mmoja akasema, "Eish, kaka, barabara utaionaje?" Safari hii aliyechekwa ni yeye.

Nimejiuliza kama nina roho mbaya. Pengine ninayo. Inanitisha kidogo jinsi nilivyolala vizuri wiki nzima.

Jioni akaja mezani, hakuniangalia. "Mama Ruthi, ulijua. Kwa nini hukuniambia?"

Nikamwongezea ugali. "Mimi? Nilikuwa jikoni."