Fundo la Tano

Somo yangu,

Najua huko uliko unacheka: eti mie nakuandikia barua. Kalamu siijui, kaishika mjukuu wangu. Makosa ni yake, maneno matamu ni yangu.

Hapa Mchukwi wananiita bibi shujaa. Nimewaambia wakati wa vita vya Maji Maji nilifukuza askari sita wa Mdachi kwa mchi wa kutwangia. Mwaka jana walikuwa wanne, lakini wanazaliana. Weye peke yako unajua nilivyokimbia mpaka mchi ukabaki kinuni.

Ulikuwa umetuweka ndani pale Ruaruke kutufunda, mie, Mwanaidi na yule mdogo wa kulialia, Zena. Askari wakachoma ghala na nyumba yako, wazazi wetu wakatawanyika kila mtu na njia yake. Ukatuingiza msituni, ukatukalisha kichakani, ukasema, "Nyumba imeungua. Kufundwa hakujaungua. Kaeni vizuri, kunjeni miguu." Nikaona mama huyu kapata wazimu.

Chakula hakuna, tukachimba ndiga, kile kiazi cha mwituni. Nikajigamba naijua, bibi yangu ndiye aliyewafundisha nguruwe kuichimba. Ukaniangalia. "Vizuri, mwalimu wa nguruwe. Sumu yake inatolewa na maji yanayotembea, siku tano kamili. Kamba hii hapa. Kila asubuhi fundo moja."

Tukamenya, tukakata vipande, tukatia kwenye tenga, tukalitega kijitoni. Siku ya kwanza fundo, ya pili fundo. Halafu bunduki zikalia ng'ambo, tukajificha kwenye matete, tukahama huku na huku, kamba nikaisahau kiunoni. Nilipokumbuka sikujua zimepita asubuhi ngapi. Nikafunga mafundo mawili kwa mpigo, na kesho yake moja.

"Ngapi, somo?" ukaniuliza.

"Tano." Uongo ulitoka umenyooka kuliko kweli.

Ukatoa nusu ya vile vipande, ukaanika juani, ukaponda kwa jiwe, ukasonga ugali. Zena alikuwa na siku mbili hajatia kitu tumboni. Ugali haujapoa, mkono wake umeshatoka. Ukaushika mkono ule, ukanigeukia mie, taratibu kabisa. "Somo yangu, unajua au unadhani?"

Ningesema najua, ningebaki mkubwa. Nikautazama ule mkono wa Zena, mwembamba kama ufito.

"Sijui," nikasema. Tangu nizaliwe neno hilo lilikuwa halijapita kinywani mwangu. Lilinikwaruza.

Nilingoja kofi. Weye ukauchukua ugali ukaufukia. Zena alilia mpaka sauti ikakauka, Mwanaidi akatema mate miguuni pangu. "Mwacheni," ukawaambia. "Huyu leo ndiyo kafundwa." Ukanipa kamba nyingine, ya ile nusu iliyobaki kijitoni. "Anza moja."

Tulikula mizizi ya yungiyungi siku tano, na safari hii nilikuwa nafunga fundo kabla ya kunawa uso. Ugali ulipoiva tonge la kwanza ukanipa mie. "Onja, mwalimu wa nguruwe. Ukifa tutakuzika vizuri." Nilimeza nimefumba macho. Mlicheka nyote, hata Zena.

Sasa nafunda mie, na nafunda vizuri kuliko weye, samahani. Wasichana wa sasa wanajua kusoma, wanajua kila kitu. Siwapigi. Nawauliza lile swali lako, halafu nanyamaza, na unajua mie kunyamaza ni kazi ya jasho. Juzi mmoja baba yake alitaka kumwoza. Nikamuuliza mtoto, unamtaka mtu huyu? Akafikiri sana, akasema hajui. Nikaenda kwa baba yake nikamwambia ngoja. Kangoja.

Mwanaidi alishatangulia, mtakuwa mnanisengenya huko. Zena yupo Umwe, ana wajukuu kumi na tisa, kanenepa mlango anaupita ubavu. Akiniona hunisalimia, "Shikamoo, muuaji wangu." Ijumaa iliyopita alikuja kwangu. Nikamtengea ugali, hakuuliza ni wa nini. Alinawa, akala, akaniambia, "Dada, ongeza."

Mungu akupe nafasi pana. Nikija tutaongea, ila sina haraka.

Mimi mwali wako,
yule mwenye mdomo