Hodi, Mkwe Wangu, Nimeingia Chumbani Kwako

Baba Riziki,

Ni mimi, mama mkwe wako. Jina lako sikulitaja ulipokuwa hai na leo sitaliandika. Utajua tu ni wewe, maana mkwe niliyemzika ni mmoja.

Mwandiko huu uuvumilie. Utotoni sikukaa darasani hata siku moja. Kalamu nimeshikishwa hapa Akalla, Uswidi, uzeeni, na ni wewe uliyekuwa unanipeleka kwa gari kwenye lile darasa la wazee, wewe mbele, mimi nyuma, kila mtu anatazama theluji ya upande wake. Basi kwa kalamu hiyohiyo nakuambia: gari lako liliibwa. Chumbani kwako niliingia. Na mtu nilimvunja bega. Nimeyasema yote matatu mapema ili usisome kwa hofu.

Ujue kwanza tulivyokuwa. Tangu tulipokuzika, mlango wa chumba chako ulibaki umefungwa. Mke wako hakutaka kulala mle. Alihamia kwenye kochi la sebuleni, na Riziki akaja kwangu, ananipiga mateke ya mbavu usiku kucha kama punda. Funguo za gari zilibaki pale ulipoziweka mwenyewe, kwenye meza ndogo karibu na mto. Gari lilikaa chini ya dirisha, theluji ikalifunika, ikayeyuka, mavumbi yakalifunika tena. Mwanangu Faida hakuligusa. Mwanamke uliyemfundisha kuendesha kwa uvumilivu ule, ukawaringia watu wa kanisani kwamba anaegesha vizuri kuliko kaka zake, alikuwa anakwenda kazini kwa treni, amesimama mlangoni mwa behewa, macho yamekufa. Nikimwambia, "Mwanangu, gari lipo pale," ananijibu, "Mama, lile ni gari la Baba Riziki." Kama vile umekwenda dukani kununua maziwa.

Mimi chumbani sikuingia, na sababu unaijua. Kwetu mama mkwe haingii mahali mkwe anapolala. Miaka yote niliyoishi kwako sikuwahi kuona rangi ya pazia lako. Wala wewe hukuwahi kukaa kwenye kiti nilichotoka kuinuka. Kile kioo cha ndani ya gari ulikuwa unakipindisha juu kabla sijapanda, ili macho yetu yasikutane. Watu wa hapa wangesema tulichukiana. Mimi najua nilivyokupenda. Ni wewe uliyekunja zulia la zamani ukaliweka chini ya kinu changu, yule jirani wa juu alipolalamika kwamba nikitwanga karanga taa yake inatikisika. Nilikuta tu zulia limekunjwa vizuri, kinu kiko juu yake.

Sasa sikiliza.

Ilikuwa mchana, jua linawaka. Faida yuko kazini. Riziki hakwenda shule kwa sababu ya kikohozi, amekaa mezani anachora, mimi natwanga. Kengele ikalia. Mwanao anataka kuinuka, nikamwonyesha kidole mdomoni. Faida alituagiza: mtu hamumjui, msifungue. Tukanyamaza kimya. Na hapo ndipo tulipokosea, maana walitaka kujua kama nyumba haina watu, na sisi tukawajibu kwa kunyamaza kwamba haina.

Mlango ulipasuka, Baba Riziki. Waliusukumia chuma, ukalia kama mfupa wa ng'ombe. Wakaingia vijana wawili, mmoja mrefu, mmoja mfupi, nyuso wamefunika. Walipotuona walishtuka kuliko sisi. Mfupi akataka kurudi nyuma. Mrefu akamshika shati.

Mrefu akaanza kuongea, haraka haraka. Mimi Kiswidi changu ni cha mkate na daktari. Nikamwangalia mtoto. Akasema, "Bibi, wanataka funguo za gari la papa." Mtoto wa darasa la pili anatafsiria wezi. Huwa ananitafsiria kwa daktari, hunitafsiria barua za umeme, na siku hiyo akanitafsiria na hilo, sauti yake ileile, kama anasoma bei ya vitunguu. Siku hizi magari hayawaki bila funguo yake, ndiyo maana mwizi haendi kwenye gari, anakuja kwako.

Wangeniuliza kitu kingine chochote ningewapa. Pete yangu, televisheni, sufuria na kilichomo. Lakini funguo zilikuwa mle ndani. Nikajikuta nimekwenda kusimama mbele ya mlango wa chumba chako, mgongo wangu kwenye ubao. Si kwamba nilikuwa shujaa. Miguu ilikwenda yenyewe. Mimi siingii mle, basi na mbwa hawa wasiingie.

Mrefu akauliza kitu. Riziki akasema, "Anauliza nani yuko ndani."

Nikamwambia, "Mwambie papa yako amelala."

Mtoto aliniangalia. Sitasahau alivyoniangalia. Alikuwepo makaburini, alitupa udongo kwa mkono wake. Kisha akamgeukia yule jambazi akasema, "Pappa sover." Akasema na mara ya pili, kwa nguvu. Na mfupi akarudi nyuma kweli, akamwambia mwenzake maneno. Kwa muda mdogo, mkwe wangu, ulitulinda. Nakushukuru.

Lakini mrefu alicheka. Nadhani walikuwa wameliangalia gari siku nyingi, wanajua halina mtu wa kuliendesha. Akanipiga kofi kwa nyuma ya mkono wenye pete. Meno mawili ya mbele yalitoka palepale, moja nilimeza. Nikabaki nimesimama. Akanishika kilemba pamoja na nywele, akanitupa pembeni, akaupiga teke mlango wako. Ukafunguka.

Hapo Riziki alipiga kelele: "Papa!"

Sijui kama alikuwa anaendelea kuwatisha, au kama na yeye alikuwa ameshaamini. Aliita, akakodoa macho kwenye kile chumba, na sote tukaona kitanda kimetandikwa, hakuna mtu. Hakutoka mtu. Damu haikuniuma. Hilo liliniuma.

Na yule mrefu akapanda kitandani kwako na viatu. Meza ilikuwa upande wa pili, badala ya kuzunguka akakanyaga mto wako.

Mimi mchi sikumbuki kuuchukua. Nakumbuka uko mkononi, una karanga bado. Nikaingia. Sikubisha, sikuvua viatu, niliingia chumbani kwa mkwe wangu kama mwendawazimu nikampiga begani, pfuu, nikasikia limevunjika, sauti ya kuni kavu. Akaanguka na funguo mkononi akilia "mamma, mamma". Neno hilo halihitaji mkalimani. Nikampiga tena. Nilimpiga kwa ajili ya meno yangu, ya mto wako, na ya mtoto aliyeita akakosa wa kumwitikia. Ningemuua. Wewe hukupenda ukali, najua, lakini nakwambia kweli: mkono wangu ulikuwa umeshapanda mara ya tatu na nilikuwa nalenga kichwa. Mfupi ndiye aliyemwokoa. Alinipiga kwa chuma kwenye kiganja, mchi ukadondoka, na kiganja changu kikaangalia upande ambao Mungu hakukipangia. Wakakimbia, mmoja anamburuta mwenzake.

Nilikuwa sakafuni mwenu, nimemkumbatia Riziki kwa mkono mmoja, ndipo nikasikia injini ya gari lako.

Nilikuwa sijaisikia tangu ufe. Unakumbuka inavyokohoa kwanza halafu ndiyo inashika. Na moyo wangu mjinga, katika damu ile yote, ukasema: ah, Baba Riziki amefika. Nikafurahi. Ilikuwa furaha ya pumzi moja tu, na ilikuwa mbaya kuliko chuma.

Jirani wa juu alikuja baada ya polisi. Alilia mlangoni. Alisema alisikia vishindo vyote, lakini alidhani natwanga. Siku hizi ananiletea keki, na nikitwanga anashuka kuangalia kama ni karanga.

Polisi walikuwa wema. Yule mwanamke wao aliniambia mara nyingine niwape tu, gari ni chuma, linalipwa. Mkalimani alikuwa Mkenya, kijana msafi wa Kiswahili cha shuleni, nikaona ananilainishia maneno. Nikamwambia, "Mwanangu, usinipunguzie chumvi. Mwambie mara nyingine nitakuwa na michi miwili." Akakohoa, akatafsiri. Yule mwanamke aliangalia chini, lakini niliona mashavu yanacheka. Mwenye bega walimkamata hospitali siku ileile. Mfupi bado yuko nje.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nikuandikie. Riziki aliacha kulala. Akisinzia anashtuka, anakwenda kusimama mbele ya chumba chako kilichovunjika mlango, anaangalia kitanda. Siku moja akaniuliza, "Bibi, nilisema uongo kwamba papa amelala?" Nikamwambia, "Hukusema uongo. Amelala. Ni usingizi wake tu ambao hauamshiki." Hakuridhika. Damu yako ile, hairidhiki na maneno mazuri.

Na Faida akaanza kufunga maboksi. Akasema tunahamia kusini kwa kaka yake, nyumba hii imetushinda. Nikamwambia, "Mimi nilitoka Fizi, kule Kongo, nikiwa na wewe mgongoni, watu wenye bunduki nyuma yetu. Kule ndiko kukimbia. Hawa ni watoto wenye nondo. Ukiwakimbia hawa, mtoto huyu atakimbia maisha yake yote." Akanijibu kwa hasira, "Mama, umepigwa na bado unabishana." Nikamwambia kupigwa na kubishana vinakaa pamoja vizuri sana. Hakucheka. Aliendelea na maboksi yake. Na vya chumbani kwenu hakuvigusa. Alikuwa tayari kuhama na kuuacha mto wako na alama ya kiatu.

Kisha polisi wakapiga simu. Gari limepatikana Hagsätra, upande wa pili kabisa wa mji, nyuma ya majumba. Kioo kimoja kimevunjwa, lakini linatembea. Mwenye funguo ya akiba aje alichukue. Faida akasema, "Waliuze chuma chakavu." Nikamuuliza funguo ya akiba iko wapi. Akasema hakumbuki, labda kwenye koti lako la kanisani. Na hakuinuka.

Basi nikaenda mimi. Mlango ulikuwa umening'inia kwenye bawaba moja, ungeweza kupita ng'ombe. Lakini nilisimama nje, nikavua viatu, nikagonga ubao kwa mkono wangu wenye plasta. Nikasema, "Hodi, mkwe wangu."

Nikangoja. Unajua mimi si mtu wa kungoja.

Hakuitika mtu. Ila nyuma yangu, kwenye kochi, mwanangu alisema polepole, "Karibu, Mama." Halafu akalia. Tangu mazishi alikuwa hajalia mbele yangu. Sasa alilia mpaka kamasi. Nikaingia. Pazia lako ni la kijani. Funguo ilikuwa kwenye koti, mfuko wa ndani, pamoja na pipi za Riziki zilizoshikana na kitambaa. Nilitoa foronya yenye alama ya kiatu nikaifua kwa mkono mmoja, mtoto akanisaidia kukamua.

Tulikwenda Hagsätra sote watatu, treni ya bluu, kisha ya kijani. Gari lako lilikuwa linanuka sigara za watu wengine. Kiti chako walikuwa wamekisogeza mbele. Faida alisimama hapo mlango wazi, anakiangalia kiti, anasema, "Mama, wamekisogeza. Kilikuwa kimekaa kama alivyokuwa anakaa." Nikamwambia ukweli: "Hata kingebaki palepale, miguu yako isingefika. Panda."

Akapanda. Mimi nikaenda mlango wa nyuma kama kawaida yangu, mkono ukakataa. Nikamwambia Riziki akae nyuma, nikazunguka, nikakaa mbele. Samahani au si samahani, nilikaa mbele. Faida akainua mkono akakishusha kile kioo ulichokuwa unakipindisha kwa ajili yangu, akamwona mtoto wake ndani yake, akawasha. Ikakohoa, ikashika. Upepo uliingia kwenye dirisha lililovunjika mpaka Akalla, na mwanao kule nyuma akawa anamsahihisha mama yake njia, kwa Kiswidi, kwa mdomo kama wako.

Maboksi yamefunguliwa. Mlango mpya wa chumba chenu umewekwa na mume wa jirani. Faida amerudi kitandani kwenu, Riziki upande wa ukutani. Analala sasa, bado anapiga mateke, zamu ni ya mbavu za mama yake. Mimi nimetandika godoro langu kizingitini. Sijaingia ndani, usinielewe vibaya; nimeziba tu. Mchi uko chini ya mto. Mfupi akija, atanikuta.

Nakuahidi hili: akija mtu tena akauliza nani yuko ndani, mtoto hatalazimika kukuita wewe. Umefanya kazi yako, na ile ya siku ile ya mwisho ulifanya ukiwa umeshakufa. Inatosha.

Lala, Baba Riziki. Mlangoni nipo mimi.

Mama mkwe wako