Chakula cha Arobaini ya Rahma

Jumamosi, 3 Januari

Dawa ya jicho mara nne, kila moja na saa yake. Katikati nimekaanga bizari nzima na pilipili manga, nikazisaga, nikazichekecha. Jicho la kulia limefungwa, naona nusu ya sufuria. Mkono unajua njia.

Vifurushi sita nimevifunga kwa uzi. Uwatu, bizari, pilipili manga, mdalasini, iliki, tangawizi kavu. Binti wa jirani anaondoka navyo kesho, anasoma mji huohuo alioko mwanangu Rahma. Mkaja pia nimetia, ule wa pamba, wa kumfunga tumbo akishazaa.

Vitu vinakwenda. Mie siendi.

Kwetu binti akizaa hukaa arobaini na mama yake. Ama anakuja yeye, ama mama anamfuata. Dada yake nilimfuata Salala, siku zote arobaini hakugusa sufuria. Rahma yuko Uingereza na mumewe anayesoma. Viza yangu ilitoka, tikiti ikakatwa. Kisha kikashuka kitu kama pazia jeusi jichoni. Wakanipasua, wakatia hewa ndani ya jicho ishikilie kilichobanduka. Daktari kanambia ukipanda ndege hewa hiyo inatanuka, jicho linaharibika moja kwa moja. Mpaka iishe yenyewe. Wiki sita, labda nane.

Rahma hajui. Mjamzito hapewi khabari mbaya, ndivyo nilivyolelewa. Nimemwambia viza bado.

Jumanne, 6 Januari

Keshajifungua. Wiki mbili kabla ya siku zake. Mtoto wa kike. Alhamdulillahi.

Kapiga Suleiman, mumewe. Kanamkia, kasema wote wazima. Huyu ni mkwe. Toka siku ya nikaha tunasemezana salamu tu. Akija nyumbani namtilia chakula, nakaa chumbani mpaka amalize. Nilitaka kumuuliza kala nini mwanangu. Nikaona haya, nikasema kheri inshallah.

Nimelia kwa jicho la kushoto. La pili sijui kama lina ruhusa.

Jumatano, 7 Januari

Nimemrekodia Rahma sauti saba kwenye simu. Naandika na hapa nisije nikasahau nilichosema. Daftari hili ni lake la darasa la tano, lina kurasa nyingi hazijaguswa.

Supu ya mzazi. Kuku mzima, usinunue mapande, mapande ni ghali na mifupa hawakupi. Mkatekate mwenyewe. Mapaja na shingo tia sufuriani leo. Kidari weka barafuni, kesho kutwa kitakuwa mchuzi. Kitunguu thomu ponda. Tangawizi usiimenye kwa kisu, ikwangue kwa kijiko, hupotezi nyama yake. Bizari, mdalasini kijiti, pilipili manga kiasi. Mbatata moja iivie humo, uiponde, supu ipate uzito. Tungule, yaani nyanya, usitie wiki ya mwanzo. Ndimu mwisho, moto ushazimwa.

Mifupa usitupe. Ichemshe tena kesho, maji yake pikia adesi, zile dengu ndogo.

Wali uliolala ndio uji. Uponde, maji, maziwa, iliki, pilipili manga kidogo, samli kijiko. Unywe moto. Usinywe maji baridi mwanangu, hata kama Wazungu wanakupa na barafu.

Uwatu uloweke usiku kucha, unywe asubuhi, maziwa yatakuja.

Sauti ya saba sikusema kitu cha maana. Nilisema tu nimemwona mtoto kwenye picha, ana paji lako.

Ijumaa, 9 Januari

Hazijafunguliwa. Sauti saba, zote kijivu. Nimeandika: umekula? Kajibu: nimekula, usihangaike. Maneno mawili. Rahma huyu hata kununua viatu alikuwa ananipigia akiwa dukani.

Baada ya sala ya Ijumaa Rahma kaleta picha nyingine ya mtoto. Nimeikuza kwa vidole, nikaisogeza mpaka kwenye jicho zima, la kushoto. Nyuma ya mtoto meza. Juu ya meza vifurushi vyangu sita, na uzi wake. Hakuna hata kimoja kilichofunguliwa. Pembeni kikombe cha tambi zile za kumwagia maji moto, na sahani yenye yai. Yai limeumwa mara moja.

Mzazi wa siku tatu. Yai moja, nalo hajalimaliza.

Nimepika pweza leo, aliyemnunua mwanangu wa kiume sokoni Matrah. Sikuweza kumla.

Jumapili, 11 Januari

Dada yangu Salma kaja kutoka mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kaleta maandazi na khabari. Kanikuta nimeinamisha kichwa kama walivyoniamrisha hospitali. Kakaa, kavua viatu, kasema kwa sauti ile anayosemea akiwa na kosa:

"Zuwena, binti yangu kampigia Rahma kumpa hongera. Kamwambia viza yako ilitoka toka mwezi uliopita. Hakujua kama ni siri."



Basi ndiyo hiyo. Anajua viza ipo, jicho hajui. Anaona mama yake ana ruhusa na hakuja. Kwa dada yake nilikwenda.

Salma kanambia nimpigie nimwambie ukweli sasa hivi. Nimekataa. Mzazi naye hapewi khabari mbaya, huzuni hukausha maziwa. Salma kacheka. "Sasa hivi ana furaha, sio? Anakula tambi za kikombe kwa furaha."

Nikamwambia basi na nani atampikia, mumewe? Nikimtumia Suleiman maneno ya maziwa na tumbo na damu, nitamtazamaje usoni?

"Kwani alivyompata huyo mtoto hujui?" kasema. "Haya gani na umri wako huu. Huyo kule si mkwe. Huyo ndiye mikono yako."

Nimemtupia andazi. Kalidaka, kalila.

Jumatatu, 12 Januari

Sikumpigia. Nimeshika simu mara tano. Naogopa. Nimesugua jikoni kote badala yake, na daktari alikataza kuinuka inuka. Mimi mjinga.

Jumanne, 13 Januari

Asubuhi kaandika Suleiman mwenyewe. Mama shikamoo, samahani kukusumbua. Muuguzi kasema mtoto kapungua na maziwa ya Rahma ni machache. Rahma hali. Mimi najua kuchemsha mayai tu.

Haya zote zikanitoka.

Nikapiga. Nikamwambia baba, fungua kifurushi chenye uzi mwekundu, ndiyo pilipili manga. Kuku yupo? Yupo, mapande. Hewala, leo mapande. Nikamwelekeza yote, hatua kwa hatua, yeye anarudia kama mtoto wa chuo cha Kurani. Tukafika kwenye pilipili manga.

"Mama, kiasi ni ngapi?"

"Kiasi ni kiasi, baba."

"Naam."

Nikampa na maneno ya uwatu na maziwa na kumfunga mkaja. Nimeyasema nimefumba jicho. Yeye naam, naam, sauti yake chini kabisa. Nadhani na yeye alifumba.

Jioni kanipigia. Supu imeharibika. Alitia pilipili manga kifurushi chote. Rahma kapiga funda moja, mdomo umemuungua, kaweka bakuli chini, kageukia ukuta, analia. Suleiman naye alikuwa karibu kulia. Kanambia ameinywa yeye ili isitupwe. Nikasikia anakohoa.

Kosa langu. Miaka arobaini natia kwa vidole vitatu na sijawahi kumwambia mtu vidole vitatu ni nini.

Kisha kasema, taratibu kama mtu anayevuka njia: "Mama, nisamehe. Rahma anasema kwa dada ulikwenda."

Nikanyoosha kitambaa cha meza.

Nikamwambia. Jicho, kisu, hewa, ndege. Na kwa nini nilimficha. Nikamwomba asimwambie Rahma mpaka apate nguvu. Kisha kanambia, kwa adabu zote, mama hili sitaweza kumficha, tayari linamla.

Kanikatalia mkwe. Mara ya kwanza kunikatalia kitu. Nimeona vibaya, kisha nikaona kheri, kisha nikaona hofu tu.

Jumatano, 14 Januari

Kimya kutoka kule.

Nimefanya kazi ambayo mama yangu angenicheka. Nimepika supu na kijiko cha kupimia mkononi. Kila nikichota kwa vidole, nazuia mkono njiani, namwaga kwanza kijikoni, naandika. Mara mbili mkono umenikimbia ukatia wenyewe. Nimeanza upya.

Pilipili manga, nusu kijiko cha chai. Basi. Hicho ndicho kiasi changu.

Bizari nzima, kijiko kimoja cha chai, kisichojaa. Thomu punje sita. Tangawizi urefu wa kidole gumba changu, cha Suleiman nusu yake. Maji vikombe vinane, yabaki sita. Moto mdogo, saa moja na kidogo. Chumvi kijiko kimoja, aonje, maana chumvi ya kule siijui.

Na mengine nimemwandikia Suleiman, kwa kuwa posho ya chuo ni ndogo. Mchele na adesi anunue mfuko mkubwa kwenye maduka ya Wahindi, sio vifuko vya dukani kwa Wazungu. Tui la kopo akifungua atumie nusu, nusu agandishe kwenye kile cha kugandishia barafu, kila pikio vipande vitatu. Tangawizi nayo igandishwe, ikunwe ikiwa jiwe, haiozi. Mkate ukikauka uchovye kwenye yai na kitunguu, kaanga. Mboga akanunue jioni wakikaribia kufunga, wanashusha. Mafuta ya kukaangia kitunguu ayachuje, yatapikia wali, wali utanukia bure.

Nimemaliza nimechoka. Nyumba nzima inanuka uzazi. Hakuna mzazi.

Supu nimewapelekea walinzi wa jengo la jirani.

Alhamisi, 15 Januari

Adhuhuri simu imelia mlio wa ujumbe. Rahma.

Umenificha.

Neno moja tu. Nimelitazama mpaka jicho likachoka. Nimeandika: nilikuwa naogopa juu yako. Nikafuta. Nimeandika: ni ujinga wangu. Nikafuta. Nimemtumia hivi: Ndiyo mwanangu. Nisamehe.

Hakujibu. Lakini nilikuwa bado nimeshika simu na zile sauti zikaanza. Moja ikageuka buluu. Nikangoja. Ya pili. Anazisikiliza mpaka mwisho, najua urefu wa kila moja. Ya tano ni ndefu, nilipotea kwenye hadithi ya kuku wa bibi yake. Kaisikiliza yote. Ya saba karudia, nadhani, maana ilichukua muda kabla ya kuandika.

Kaandika: Linauma jicho?

Nikamjibu haliumi. Kisha nikaona huko ndiko tulikotoka. Nikaandika tena: linauma, hasa nikiinama. Na nnaogopa lisirudi.

Sijawahi kumwambia mwanangu yeyote kwamba naogopa.

Jumanne, 20 Januari

Suleiman kapika kuku mmoja siku nne. Kanitumia picha kila siku kama mtu anayetoa ripoti. Supu. Mchuzi wa kidari. Adesi kwa maji ya mifupa. Ya nne wali na masazo, kauita biriani, nimemwacha.

Rahma kala. Sio sana. Anaanza kula kisha anasema inatosha. Maziwa yameongezeka kidogo. Mtoto hajapungua tena. Muuguzi anarudi wiki ijayo.

Hasira hazijamwisha. Akinipigia anasema na mie kama anasema na shangazi. Mzima mama? Mzima. Haya. Ni haki yake. Nataka kumshika kichwa nimpake mafuta. Nataka nimwambie lala, mtoto nipe mie. Siku kumi na nne zishakwenda na sijamwogesha mjukuu wangu hata mara moja, mikono inaniwasha, kweli inawasha, nimeipaka na krimu.

Jumapili, 25 Januari

Rahma kaniuliza mwenyewe namna ya kupika mchicha wa nazi. Mchicha hakuna kule, kuna majani mengine yanafanana. Nikamwambia kaanga kitunguu, tungule sasa ruhusa, tui liingie mwisho lisichemke sana likakatika. Kasema kumbe hivyo. Kisha kasema wewe mama ukipika unapiga mluzi wa pumzi, Suleiman hapigi, nyumba ina kimya.

Sikujua kama napiga mluzi.

Jumatano, 28 Januari

Alasiri Rahma kapiga simu ya picha. Suleiman yuko chuoni. Mtoto kalala. Muuguzi kaja asubuhi, kampima, karidhika. Rahma kasema hana la kusema, anataka kula tu, na hataki kula peke yake.

Kapika adesi mwenyewe. Katia ndimu nyingi kuliko nilivyomwambia, na majani fulani ya kule siyajui. Sikusema kitu.

Kaiegemeza simu kwenye dirisha. Baada ya muda simu imeteleza, nikawa naona dari lao tu, dari jeupe na doa la maji kwenye pembe. Nilidhani ataiinua. Hakuiinua. Nikasikia kijiko kinagonga bakuli. Kinapumzika. Kinagonga tena. Kapuliza, ilikuwa moto. Hapa mtaani kwetu Ghubra magari yakipita nilikuwa naona dhiki, yananifunikia sauti, nikainuka taratibu nikafunga dirisha.

Kijiko kimeanza kukwangua chini. Nimekaa nimesikiliza mpaka bakuli likaisha.