Kilichokuleta Kiko Ukurasa Gani?

Rugerero, Gisenyi
22 Agosti 1999

Kaka yangu mpendwa Karenzi,

Nakusalimu kwa furaha nyingi, wewe, Wifi na watoto wote hapo Karagwe. Mgongo wako unaendeleaje tangu ile baiskeli ikutupe mtaroni? Maharage yamewafikisha kiangazi? Mimi ni mzima kabisa, tena nimenenepa.

Najua tabia yako ya kusoma barua kuanzia chini. Tafadhali tulia. Nina ombi kubwa kwako, nimeliwekea mahali pake, na ukiruka nitajua.

Siku tulipoagana stendi, mimi nikirudi Rwanda na wewe ukibaki na shamba la Baba, ulisema hutakanyaga Gisenyi mpaka nimalize chuo. Nilicheka mbele yako, lakini basi lilipoondoka nililia mpaka abiria wenzangu wakanipa maji. Ndiyo maana ile memwari, kitabu anachoandika mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, ilininyima usingizi. Nisipofaulu, huji.

Niliandika juu ya akina mama wanaouza viazi soko la Mahoko. Nilikaa nao, nikala nao, nikaandika kila walichosema, kisha nikampelekea Madamu Mukandayisenga, mwalimu anayenisimamia, rundo la kurasa huku nikijivuna. Baada ya wiki moja aliniita, akaniuliza kilichonileta, yaani hoja yangu yenyewe, kiko ukurasa gani. Nikasema wa thelathini na moja. Kaka, yule mama alicheka mpaka akavua miwani! Alisema nimeandika kama watu waliokuja kuposa: wanaongea habari za barabara, za mvua, za ng'ombe aliyepotea mwaka juzi, pombe inazunguka, na hakuna anayethubutu kumtaja binti. Ukweni hiyo ni adabu, akasema, ila msomaji wa memwari hana pombe mkononi. Akaniamuru niache kuandika kabisa, nitengeneze kwanza plani: swali langu juu, majibu yangu chini yake, na kila kitu kingine kikae chini ya jibu kinalolisaidia. Nilitoka pale nikiona aibu hata kumsalimu mlinzi wa getini.

Aliyeniokoa ni Régis, mwalimu wa shule ya msingi ya hapa kwetu, ambaye mama yake ni mtu wa Goma. Chumba changu ni kidogo, kwa hiyo aliniazima ubao wa darasa lake kila Jumamosi. Mimi naandika vichwa vya habari kwa chaki, yeye kaketi kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kifuani, anauliza kila kichwa kinafanya kazi gani. Nikikosa jibu, ananipa kifutio. Kisa cha mama Nyirasafari na gunia lake lililovuka mpaka, likarudi, likavuka tena, nilikipenda mno, nikakiweka juu kabisa. Akasema, “Bon, iko kisa muzuri sana, lakini kule juu inafanya nini?” Nilibisha, nikanuna. Mwishowe tukakishusha kwenye sehemu ya mpaka, na nikiri kwamba hapo ndipo kilipopendeza.

Baada ya ubao ule, kuandika kulikuwa kwepesi. Ijumaa iliyopita nilisimama mbele ya walimu kuitetea kazi yangu. Mmoja alipoanza kuuliza habari za bei, nilijua jibu liko sehemu gani hata kabla hajamaliza. Nimefaulu! Kaka, nimefaulu! Madamu alipiga vigelegele mle mle ukumbini, mkuu wake akimtazama.

Sasa umeona? Nimekuzungusha barabara, mvua na ng'ombe, na karatasi inakwisha. Wakati ananisindikiza nyumbani siku hiyo, Régis alianza na hitimisho: anataka kunioa. Sababu zilifuata, tatu, kwa mpangilio, na ya pili ilikuwa na vifungu. Nilimkubalia kabla hajafika ya tatu.

Watu wake watakuja kuposa Desemba. Baba hayupo. Wajomba wamejitolea kunisemea, nimewakatalia, kwa sababu nakutaka wewe. Lakini nakujua: kwenye harusi yako mwenyewe ulisimama kushukuru ukaishia kusimulia mbuzi wa jirani. Kwa hiyo nimekutengenezea plani. Kwanza wasalimu. Halafu waulize barabara, mvua na ng'ombe. Hapo zurura utakavyo, siku hiyo inaruhusiwa. Wakitaja jina langu, kataa, ndiyo desturi ya huku. Wakirudia, kataa tena, sema nimesoma mno siwezi kupika. Sehemu ya mwisho, ya kuwakubalia, sikuiandika. Ni maneno ambayo angeyasema Baba, na mimi sina haki ya kukuchagulia.

Nisalimie Wifi, umbusu kitinda mimba wenu, na majirani wote uwaambie nawakumbuka. Ulisema nikimaliza utakuja. Nimemaliza, Kaka.

Mdogo wako akupendaye,
Vestine